Sura ya Saba: Klachi Mpya kwa Gari Dogo

Katika viungo vyote vya gari la gia za mkono, hakuna kilichofanywa makusudi kiliwe polepole ili vingine visalimike kama klachi. Na kwa sababu hiyo kila mwenye gari dogo, awe mwalimu, karani, mchuuzi au dereva wa teksi, hana budi siku moja kusimama mbele ya meza ya duka la spea, iwe Gerezani mjini Dar es Salaam au Kirinyaga Road mjini Nairobi, akaulizwa swali fupi ambalo jawabu lake laweza kumgharimu fedha nyingi: waitaka ipi? Mbele yake huwekwa maboksi matatu au manne ya rangi mbalimbali, yenye bei zinazopishana sana, na kila moja husifiwa kuwa ndilo lenyewe. Aghalabu mtu huyo huchagua kwa bei ikiwa mfuko wake ni mwepesi, au kwa jina ikiwa mfuko una nafasi, na kote kuwili huenda akakosea, kwa kuwa kipimo cha klachi njema kimo ndani ya gari lenyewe, kiliwekwa na wale waliolibuni, na kazi ya mnunuzi ni kukisoma na kukitii.

Nitachukua Toyota Starlet kuwa mfano wa maelezo yangu, kwa sababu gari hilo, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1973 hata 1999 lilipoiachia Vitz nafasi yake, limeenea katika miji yetu kiasi kwamba ni shida kumpata fundi asiyewahi kulala chini yake, na kwa sababu aina zake mbili za mwisho, EP82 na EP91, zina somo zuri juu ya jambo ninalotaka kulieleza. Mwenye Suzuki, Nissan au Volkswagen asidhani kuwa nimemwacha nje. Tarakimu zitabadilika, kanuni ni zile zile.

Injini ikishawashwa haiwezi kukoma kuzunguka. Huzunguka mamia ya mizunguko kwa dakika hata gari likiwa limetulia kimya kando ya njia, ilhali magurudumu sharti yaanze kutoka katika sifuri. Baina ya hao wawili wasiopatana anahitajiwa msuluhishi, na usuluhishi huo hufanywa na vitu vitatu. Nyuma ya injini ipo flaiwili, sahani nzito ya chuma iliyofungwa kwenye krankishafti. Inayoikabili ni klachi pleti, sahani nyembamba iliyovikwa lainingi pande zote mbili, ambayo katikati yake ina kitovu chenye meno ya ndani kinachoteleza juu ya shafti ya giaboksi. Juu ya hizo mbili ipo presha pleti, ambayo springi yake ya diaframu, chuma kimoja kipana kilichochanjwa kuwa vidole vingi vinavyoelekea katikati, huikandamiza klachi pleti juu ya flaiwili hata zote tatu zikazunguka pamoja. Dereva akikanyaga pedali, rilizi beringi husukuma vidole vile, mkandamizo hulegea, pleti hubaki huru, na gia huweza kubadilishwa bila ugomvi. Akiinua mguu, msuguano hurudi kazini.

Nguvu ambayo klachi yaweza kuipitisha bila kuteleza hutokana na mambo manne yanayozidishwa pamoja, nayo ni idadi ya nyuso zinazosuguana, ambazo katika gari dogo ni mbili, ukali wa msuguano wa lainingi, ambao kwa lainingi ya kawaida ni kama 0.3, mkazo wa springi, na nusu kipenyo ya wastani ya lainingi. Tuseme lainingi ina kipenyo cha milimita 190 kwa nje na 132 kwa ndani, basi nusu kipenyo yake ya wastani ni kama milimita 80. Na tuseme springi hukandamiza kwa Newton 3,500, yaani sawa na uzito wa kilo 350 hivi. Ukizidisha yote utapata Newton-mita 168. Injini ya kawaida ya Starlet ya lita 1.3 hutoa kiasi cha Newton-mita 110 hadi 120 inapofikia upeo wa nguvu yake ya kuzungusha, kwa hiyo klachi ya namna hiyo ina akiba inayokaribia nusu ya haja yenyewe, na akiba hiyo imewekwa kwa hikima, kwa ajili ya joto, vumbi, uchakavu, mzigo na mlima. Lakini oili ikipenya katika lainingi, ule ukali wa 0.3 huweza kushuka hata 0.1, na klachi ile ile, mpya, iliyotoka dukani asubuhi, ikabaki na Newton-mita 56 tu, nusu ya zile inazotakiwa kupitisha. Hapo ndipo anapopata hasara mtu anayefunga pleti mpya mbele ya oili sili inayovuja, kisha akailaumu pleti.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayobatilisha rai ya wale wasemao kwamba kama klachi ni kwa ajili ya nguvu, basi iliyo kali zaidi ndiyo iliyo bora zaidi. Starlet ya EP82 ilitoka pia katika sura ya GT yenye turbo, na EP91 ikatoka kwa jina la Glanza V, na injini yao ya 4E-FTE hutoa Newton-mita 157. Kwa hiyo ni haki yao kuwa na presha pleti yenye springi shadidi kuliko ya wenzao wa kawaida. Mwenye gari la kawaida akishawishika kufunga klachi ya nguvu iliyokusudiwa gari la turbo, au zile za mashindano zenye vipande vya shaba na kauri mahali pa lainingi, hatapata hata chembe ya mwendo zaidi, kwa maana injini yake haitoi nguvu ya kuitumia akiba hiyo. Atakachopata ni pedali nzito inayomchosha goti katika foleni ya Mandela Road, kebo inayokatika kabla ya wakati, na krankishafti inayosukumwa mbele kwa nguvu kila pedali inapokanyagwa, hata vile vibao vyembamba vinavyoizuia isicheze mbele na nyuma vikaliwa. Na hivyo vikiisha, hesabu si ya klachi tena, ni ya injini nzima. Klachi za mashindano zina kasoro nyingine, nayo ni kwamba hushika ghafula kama zilivyokusudiwa kushika, na gari hutetemeka kila linapoondoka. Tena kuna jambo wengi hawalifikirii: ikiwa dereva atakosea, akaachia mguu kwa pupa katika tope au akagonga gia isiyostahili, ni bora klachi iteleze na kuungua kidogo kuliko meno ya giaboksi kukatika, kwa sababu klachi ni rahisi kuliko giaboksi. Kiungo kinachopaswa kushindwa kwanza kikifanywa kisishindwe, hasara huhamia kwa kilicho ghali zaidi.

Kabla ya kutoa fedha, yakinisha ugonjwa, maana si kila taabu ya gia ni klachi iliyokwisha. Dalili ya klachi kuteleza hutafutwa hivi: gari likiwa katika gia ya nne, kwa mwendo wa kilomita 40 au 50 kwa saa, njia ikiwa nyeupe na pasipo mtu, kanyaga mafuta yote kwa mara moja, injini ikipiga kelele na kupanda mizunguko ilhali gari halikuongeza mwendo kwa kiasi hicho, basi klachi inateleza. Ama gia zikigoma kuingia, na riverse ikawa inakwaruza, mara nyingi pleti haina hatia. Tafuta kebo iliyolegea, au hewa katika bomba la haidroli, au silinda inayovuja, vitu ambavyo hurekebishwa bila ya kushusha giaboksi. Mvumo unaosikika pedali inapokanyagwa na kutoweka inapoachiwa ni wa rilizi beringi. Mtetemeko wakati wa kuondoka huweza kuwa oili katika lainingi, lakini pia huweza kuwa maunti za injini zilizokatika, na ni huzuni kuona mtu amenunua klachi nzima kwa sababu ya kipande cha mpira. Pima pia nafasi ya bure ya pedali, yaani ule mchezo mdogo kabla mguu haujaanza kuhisi uzito. Katika magari madogo ya Toyota hutakiwa uwe baina ya milimita 5 na 15, na ukipotea kabisa, beringi huegemea vidole saa zote, mkandamizo hupungua, na klachi nzima huungua huku fundi akitafuta kosa kwingine.

Ipo dalili moja ambayo madereva huihisi kwa mguu bila kuijua maana yake. Springi ya diaframu ina tabia isiyokuwa katika zile springi za mviringo za zamani: lainingi inapoendelea kuisha, mkazo wake huongezeka kwanza kabla ya kurudi karibu na pale ulipoanzia. Ndiyo sababu pedali ya klachi inayokaribia mwisho wake huwa nzito kuliko ilivyokuwa gari lilipokuwa jipya, na mtu akifunga mpya hustaajabu jinsi ilivyo laini. Pedali iliyokuwa nzito mwaka hata mwaka, ilhali kebo ni nzima na imetiwa mafuta, inakutaka uanze kuweka fedha akiba.

Ukishakubali kuwa klachi imekwisha, yafaa ujue ni ya gari gani. Kibao cha chuma kilichopigiliwa kwenye ukuta baina ya injini na dereva kina alama ya aina ya gari, injini yake, na giaboksi yake, na muuza duka mwaminifu atataka kuzisikia alama hizo kabla hajanyanyua boksi lolote. Lakini magari yetu yamepita mikono mingi. Huenda injini ilibadilishwa Mwanza na giaboksi ikabadilishwa Morogoro, na kibao kikabaki kikishuhudia gari lilivyozaliwa, si lilivyo leo. Kwa hiyo shauri langu, ambalo mafundi wengine hawalipendi kwa sababu gari hulala katika gereji wakati mwenyewe yuko dukani, ni kushusha giaboksi kwanza na kununua baadaye, na kwenda dukani na pleti ya zamani mkononi.

Pleti hiyo chakavu, iliyojaa masizi, ina maelezo mengi kuliko mdomo wa mtu. Ilaze juu ya meza kando ya mpya. Pima kipenyo cha nje kwa rula ya chuma, kwa maana milimita 190 na milimita 200 hazitofautishwi kwa jicho, na pleti isiyolingana na presha pleti yake ama haitaingia ama itashika kwa ukingo tu. Kisha hesabu meno ya kitovu, ukianza na jino ulilolitia alama ya chaki ili usilihesabu mara mbili, kwa kuwa ishirini na ishirini na moja ni tofauti ndogo kwa jicho na ni tofauti ya kutoingia kabisa kwa shafti. Angalia na upana wa tundu, na urefu wa kitovu kila upande, maana kitovu kilichozidi kimo huweza kugonga vichwa vya boliti za flaiwili. Fanya hivyo mbele ya muuzaji bila haya. Akikuambia, "Hii ndiyo yenyewe, mzee wangu, chukua tu," mjibu kwa upole, "Naamini, bwana, lakini naomba tuhesabu pamoja," na ukiona anakataa, nenda duka la pili.

Kisha igeuze pleti ya zamani na uitazame kwa utulivu, ukitafuta sababu ya kifo chake. Riveti zinazoshika lainingi hukaa ndani ya mashimo, na kina cha mashimo hayo ndicho kipimo cha maisha yaliyosalia. Toyota huagiza kwamba kina hicho kikifika milimita 0.3 pleti ibadilishwe, kwa maana baada ya hapo vichwa vya riveti huanza kuichimba flaiwili. Lainingi iliyokwisha sawasawa pande zote mbili ilikufa kifo cha haki. Lainingi nene bado, lakini nyeusi, yenye kung'aa na kunuka oili, imeuawa na sili. Yenye mipasuko na rangi ya kuungua, ilhali presha pleti ina madoa ya buluu, imeuawa na mguu wa dereva. Springi ndogo za katikati zikiwa zinacheza ndani ya vyumba vyake, gari lilikuwa likigongagonga kila linapoondoka. Na vidole vya diaframu, mahali beringi inapogusa, vikiwa vimechimbika zaidi ya milimita 0.6, presha pleti hiyo haifai kurudi garini hata ikiwa uso wake ni safi. Aliyebadilisha klachi bila kuijua sababu iliyoiua atairudisha sababu hiyo pamoja na klachi mpya.

Sasa tuje kwenye maboksi. Viwanda vya magari aghalabu havitengenezi klachi zao vyenyewe. Huagiza kwa viwanda vinavyojua kazi hiyo, na viwanda hivyo huuza bidhaa zao pia katika maboksi yao wenyewe. Kwa gari la Kijapani majina ya kutafuta ni Aisin, iliyo katika jamii ya viwanda vya Toyota, na Exedy, kiwanda cha zamani kilichojulikana kwa jina la Daikin kabla ya kubadili jina mwaka 1995. Kwa magari ya Ulaya kuna Sachs ya Schweinfurt, iliyoanza mwaka 1895, Valeo ya Ufaransa, ambayo asili yake ni mwaka 1923, na LuK ya Bühl, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1965. Pleti katika boksi la Aisin na pleti katika boksi la Toyota yawezekana ni watoto wa tumbo moja, na tofauti ya bei ni ujira wa jina na wa dhamana. Mimi naona mwenye gari la umri wa miaka ishirini na zaidi hana haja ya kulipa tofauti hiyo, maadamu ana yakini kuwa boksi ni la kweli.

Yakini hiyo ndiyo ngumu, kwa maana majina mema ndiyo yanayoigwa. Boksi si ushahidi. Kuchapa karatasi ni kazi nyepesi. Ushahidi umo katika chuma. Namba za bidhaa zapasa kupigwa muhuri ndani ya chuma au kuandikwa kwa namna isiyofutika kwa kidole chenye petroli. Riveti zote zizame kwa kina kimoja. Lainingi iwe na rangi moja na unene mmoja kuzunguka. Na uso wa presha pleti uwe umechongwa kwa mashine vizuri, usiwe na kutu wala mikwaruzo iliyopakwa rangi. Pleti ikivikwa juu ya shafti yake na kuzungushwa, ukingo wake haupaswi kuyumba zaidi ya milimita 0.8. Nunua kwa mtu mwenye duka lisilohamahama, atakayekuandikia risiti yenye namba ya bidhaa, na ambaye atakubali kuipokea tena isipoingia, kabla haijatiwa oili.

Wapo wanaopendelea klachi ya mtumba iliyokuja ndani ya injini nusu kutoka Japani, na sina ghadhabu nao, kwa kuwa hiyo angalau ni bidhaa ya asili iliyotengenezwa kwa kipimo, na kina cha riveti chaweza kupimwa pale pale dukani. Presha pleti ya namna hiyo, ikiwa uso wake ni sawa na vidole havikuliwa, yaweza kutumika miaka. Rilizi beringi ya mtumba usiichukue kamwe, hata ukipewa bure; grisi iliyofungiwa ndani yake hukauka na umri, na hakuna jicho linaloweza kuona. Ama ile desturi ya kubandua lainingi iliyokwisha na kupigilia nyingine kwa riveti mpya, ambayo ilikuwa ya lazima zama za uhaba, na ambayo bado ina nafasi kwa trekta au lori ambalo spea zake hazipatikani, kwa gari dogo ni uchumi wa uongo. Unene hauwi mmoja, zile springi nyembamba zilizo baina ya lainingi mbili, ambazo ndizo hufanya gari liondoke kwa ulaini, zimekwisha lala, na malighafi ya lainingi yenyewe haina mzazi anayejulikana.

Nunua vitu vitatu pamoja, pleti, presha pleti na rilizi beringi, katika seti moja ya kiwanda kimoja. Najua kwamba mtu mwenye fedha kidogo huona pleti peke yake kuwa nafuu, lakini katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Starlet za EP82 na EP91, gharama kubwa ni ujira wa kufungua shafti za magurudumu, kumwaga oili ya giaboksi na kuishusha giaboksi yenyewe. Na ujira huo ni ule ule, ukibadilisha kimoja au vyote. Beringi ya bei ndogo ikifa baada ya miezi sita, utailipa kazi nzima mara ya pili. Kwa hoja hiyo hiyo nasema, wakati giaboksi iko chini, badilisha oili sili ya nyuma ya krankishafti na ile ya shafti ya giaboksi, hata zikionekana kavu, na sili za shafti za magurudumu zikiwa na dalili ya kulowa. Vipande hivyo vya mpira ni vya bei ndogo kuliko vyote katika kazi hiyo, na ndivyo vyenye amri juu ya umri wa vyote.

Flaiwili nayo itazamwe. Ikiwa na madoa ya buluu na nyufa ndogo za joto, au ikiyumba zaidi ya milimita 0.1, ipelekwe kwa fundi wa mashine ya kuchonga ausawazishe uso wake. Lainingi mpya haiwezi kulala vizuri juu ya uso wenye mabonde. Magari mengi mapya ya dizeli yana flaiwili ya vipande viwili ambayo kanuni zake ni nyingine, nami naziacha, maana gari dogo la petroli la namna tunayoizungumzia halina.

Kufunga ni kazi ya fundi, nami sitaingia sana katika mlango wake, ila mwenye gari ana haki ya kusimama karibu na kuona mambo machache. Pleti ina upande wake wa flaiwili, na mara nyingi umeandikwa. Ikifungwa kinyume, klachi haitaachia. Pleti isentishwe kwa kifaa chake au kwa shafti ya giaboksi nyingine ya aina hiyo, kabla boliti hazijakazwa. Boliti za presha pleti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, hata zifike Newton-mita 19, ambayo ni nguvu ndogo kuliko mafundi wengi wanavyodhani. Grisi juu ya meno ya shafti iwe utando mwembamba tu, maana inayozidi hurushwa juu ya lainingi. Na wakati wa kuirudisha giaboksi, isiachwe hata dakika moja ikining'inia kwa shafti ndani ya kitovu cha pleti. Uzito huo hupinda pleti mpya kabla haijafanya kazi ya siku moja, na kwa mtetemeko utakaofuata kitalaumiwa kiwanda.

Klachi iliyochaguliwa vizuri nayo huhitaji dereva. Kwa kilomita 500 za kwanza liondoe gari kwa upole, usivute gari jingine, ili nyuso zizoeane. Ni vizuri kujua kwamba gari linapoondoka kutoka katika kusimama, joto linaloingia katika pleti kwa kuteleza ni karibu sawa na nguvu yote ya mwendo ambayo gari linaipata. Anayeondoka akiwa na mizunguko mingi bila haja huichoma pleti bila kufaidi. Uangalie mteremko wa kuingilia kivuko cha Likoni, au foleni ya Magogoni kuelekea Kigamboni, utawaona madereva wanaolizuia gari kwenye mwinuko kwa kuelea na klachi nusu, mguu mmoja juu ya mafuta, dakika hata dakika. Breki ya mkono iliwekwa kwa kazi hiyo. Kadhalika mguu unaopumzika juu ya pedali wakati wa safari, hata kwa uzito mdogo, huila nafasi ya bure na kuizungusha beringi njia nzima kutoka Korogwe hata Lushoto.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililo zito kuliko fedha. Ndani ya nyumba ya klachi hujikusanya vumbi jeusi la lainingi iliyosagika, na mafundi wetu wengi hulipuliza kwa kompresa, huku vijana wanaojifunza kazi wamesimama kando wakilivuta puani. Kwa miongo mingi lainingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo nyuzi zake huingia katika mapafu na huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Japani ilizipiga marufuku lainingi za namna hiyo mwaka 2004, na nchi za Umoja wa Ulaya zilifunga mlango kabisa kuanzia mwaka 2005, lakini gari lililotoka kiwandani mwaka 1990, ambalo pleti yake ilibadilishwa mahali pasipojulikana kwa lainingi isiyokuwa na jina, haliwezi kudhaminiwa na mtu yeyote. Basi, msomaji wangu, siku utakapolipeleka gari lako gereji, chukua nawe ndoo ya maji na matambara mawili, na umwombe fundi, kwa heshima anayostahili, alilowanishe vumbi hilo na kulifuta likiwa bichi, alifunge katika mfuko na kulitupa, na asiwashe kompresa mpaka vijana wake wawe wamemaliza kufuta.